Kisanduku Kishike Laini Kwanza

Siku wezi walipoingia kwa dada yake mchana kweupe, king'ora kililia mpaka kikachoka, lakini simu ya Bibi Waya haikuita hata mara moja. Hilo ndilo lililomkera kuliko redio iliyoibwa. Kisanduku cha king'ora kilifungwa ili mlango ukivunjwa kipige simu kwake, yeye anayekaa mtaa wa pili.

Fundi aliyekifunga alikuja, akakikagua, akasema ni kizima. Bibi Waya, aliyepanda nguzo za simu miaka thelathini hadi watu wakasahau jina lake la kweli, akamgeukia dada yake.

"Siku ile mkono wa simu ya sebuleni ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa unaning'inia. Nilidhani wameuangusha."

"Waliuinua makusudi. Laini ikishikwa, kisanduku kitapigaje?"

Fundi akakohoa, akasema nyumba zote wanazifunga hivyo.

"Hii haitafungwa hivyo," akasema Bibi Waya.

Dada alikuwa ameshaanza kusema atahamia kwa mwanawe, akakae chumba cha wageni. Kila akilisema hilo, aligeuka kuitazama sebule yake. Jumamosi asubuhi mdogo wake, Bibi Waya, alifika na ngazi, koleo na bisibisi, akajifunga kibwebwe.

"Na goti lako je?"

"Goti nimeliacha nyumbani."

Kazi yenyewe alikuwa anaijua. Waya unaotoka nje uingie kwanza kwenye kisanduku, ndipo uende kwenye simu za ndani. Hapo hatari ikitokea, kisanduku kinazikata simu zote na kuishika laini peke yake. Aliufuata waya mpaka darini, akaukata, akashusha nyaya mpya hadi kwenye kisanduku. Kufika saa sita wakajaribu. Dada akainua mkono wa simu ya sebuleni, akafungua mlango. King'ora kikalia, na simu ya mkononi ya Bibi Waya ikaita. Dada akapiga makofi.

"Bado. Inua ya chumbani."

King'ora kikalia tena. Simu ya mkononi, kimya.

"Inatosha, mdogo wangu. Nani atakwenda kuinua ya chumbani?"

"Yule yule aliyejua kuinua ya sebuleni."

Akarudi darini, safari hii akitambaa kwa tumbo, vumbi puani, mpaka pembeni kabisa, karibu na pale waya unapoingilia. Hapo alikuta waya mwembamba wa kwenda chumbani umeungwa kabla ya pale alipokata.

"Dada, marehemu mumeo aliunga waya huku kwa plasta ya kidonda."

 Huko chini dada akacheka, kicheko kilichokuwa hakijasikika tangu siku ya wezi.

"Nilikuwa na mimba, siruhusiwi kutoka kitandani. Alitaka niongee na mama. Akakataa kukuita, alisema utamcheka."

"Namcheka sasa hivi," akasema Bibi Waya, akijifuta macho kwa kiwiko. Akaibandua plasta taratibu, akauhamisha ule waya mpaka kwenye waya unaorudi kutoka kisandukuni kwenda simu za ndani, akaunga upya na kukaza.

"Inua ya chumbani. Fungua mlango."

King'ora kikalia. Simu ikaita mfukoni mwake, palepale darini. Hakuipokea. Aliiacha iite mpaka ikakata yenyewe, ndipo akaanza kurudi nyuma kwa viwiko.

Dada alikuwa ameishikilia ngazi kwa mikono miwili.

"Shuka ule," akasema. "Halafu nimpigie mwanangu, nimwambie chumba chake awape wageni."