Kipande cha mwisho cha Mama Msasa

Saa mbili asubuhi, Mama Msasa anachungulia kioo cha tanuri dogo. Ndani, kipande cha aloi ya nikeli, chenye unene wa kidole cha mtoto, kimeiva chekundu. Mashine inakivuta, inakisukuma, inakivuta tena. Namba ukutani, inayohesabu kila mzunguko wa kuvuta na kusukuma, ni 38,214.

"Bado yupo," anasema, kama anayezungumzia mgonjwa.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kuchosha vyuma mpaka vikatike. "Nalipwa kwa kuvionea," hutania. Kwa vyuma vya aina hiyo hutengenezwa mapanga yanayozunguka ndani ya mitambo ya kufua umeme. Panga likichoka, hukatika bila kubisha hodi. Ndivyo alivyofariki mumewe, fundi wa mtambo, zamu ya mchana, bakuli lake la chakula likiwa halijafunguliwa. Miezi michache baadaye mjane huyo aliomba kazi hapa maabara, akaanzia kwenye ufagio.

Sasa wanatia chembe za madini adimu kwenye aloi, kidogo kuliko chumvi ya mboga, ili ichelewe kuchoka. Aloi ya kawaida hukatika karibu na mizunguko 40,000. Kipande cha kwanza chenye madini hayo kilikatika kwenye 22,000. Mkuu wa maabara akavunjika moyo, akaandika kuwa mchanganyiko haufai.

Mama Msasa alipokitazama kwa kioo cha kukuzia, aliona mkwaruzo mwembamba uliokatiza upana wa chuma. Msasa wa mwisho hupigwa kwa urefu. Ukikatiza, ufa hupata pa kuanzia. Aliyekipiga msasa ni yeye, siku iliyotimiza miaka ishirini tangu mumewe afariki. Mawazo yalikuwa mbali.

Alikwenda kukiri. Wenzake walimnunia wiki nzima, maana ripoti ilishapelekwa kwa wafadhili.

"Ningenyamaza, ningekuwa nimemuua mume wangu mara ya pili," anasema. Machozi yanamtoka, wala hayafuti.

Kilibaki kipande kimoja chenye madini hayo, hiki kilicho tanurini. Alikipiga msasa kwa siku mbili, kwa urefu. Ijumaa anastaafu.

Namba inapita 40,000. Hashangilii. Anavuta kiti, anakaa. Mkuu wa maabara, kijana wa umri wa mwanawe, anamuuliza taratibu kama anaomba kisikatike kabisa.

"Kila chuma kitakatika, mwanangu. Mimi nataka kichelewe tu, mpaka mtu awe ameshakula chakula chake."