Nilivyozikwa na Neno Juu

Mimi kazi yangu ni kukodisha hema, viti vya plastiki, na sufuria kubwa hivi kwamba mpishi akiteleza akaingia ndani inabidi tumtafute na tochi. Niko Mbotela, na mazishi mengi ya upande huu wa Jogoo Road yamekaa chini ya kitambaa changu. Shule na mimi tuliachana mapema bila ugomvi. Lakini meseji nasoma vizuri, na afadhali ningekuwa sijui.

Binti ya dada yangu anatengeneza websaiti, na yangu ni yeye alinitengenezea. Mwanzoni ilikuwa moja tu. Akitaka kubadilisha kitu, anabadilisha watu wakiangalia. Siku moja alikuwa anapanga picha, hema zangu zote zikatokea kichwa chini, nguzo zinaangalia mbinguni. Mteja mmoja akanipigia kuuliza kama siku hizi nakodisha mabwawa ya kuogelea.

Binti akaja dukani akaketi. "Anko, hii tabia ya kupikia kwa meza ya wageni tuache. Nitakuwekea mbili. Moja ya majaribio, huko tunakoroga vile tunataka, hakuna mtu anaona. Kitu ikiiva ndio tunapeleka kwa ile laivu, ya watu."

"Na zinafanana?"

"Kama mapacha."

"Sasa nitajuaje nimebeba mtoto gani?"

Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Kwenye hiyo websaiti kuna mahali pa matangazo. Familia ikikodi hema, tunaandika pale mazishi ni ya nani, wapi na lini. Binti alitaka nijifunze kuandika mwenyewe nisimsumbue akiwa kazini. Asubuhi moja akanitumia link mbili, moja imepanda juu ya nyingine, na chini kabisa akaandika: "Anko ingia tu juu bado ni majaribio watu hawaoni."

Nikasoma pole pole. Ingia tu juu. Nikaingia ile ya juu.

Ikaniuliza jina la marehemu. Hapo nikakwama. Huwezi kuandika jina la mtu mzima anayekula ugali wake ukasema amekufa, hata kama ni majaribio. Huko kwetu magharibi hiyo ni kumtakia kifo. Mtu pekee niliyekuwa na ruhusa ya kumuua ni mimi. Nikajiua vizuri. Nikaandika jina langu, nikasema nimetutoka ghafla, nitazikwa nyumbani Jumamosi, hema mia nne, ng'ombe mpaka mto uzibe, na waombolezaji waje na viti vyao juu vyangu vitakuwa vimeshikwa na majonzi. Nikabonyeza. Nikajiona msomi.

Chai haikuwa imepoa simu ikalia. Mama mmoja wa kanisa, mteja wangu wa miaka.

"Halo, poleni sana. Naongea na nani wa familia?"

"Unaongea na mimi."

"Wewe ndiye ndugu yake? Sauti zenu zinafanana, maskini."

Kabla nimalize kujieleza alikuwa analia. Akakata. Nikampigia binti.

"Anko, umeingia gani?"

"Ya juu, kama ulivyoniambia."

"Sikusema ya juu, hiyo ni ile laivu. Hiyo ya chini ndio nilisema ingia tu, juu bado ni majaribio."

"Si ndio hiyo. Ya juu."

"Anko. Juu. Yaani kwa sababu."

Hilo neno nalitumia hivyo tangu meno ya utoto, mtaa mzima tunalitumia hivyo. Lakini mtu akikutumia vitu vimepandana kama chapati halafu akuambie ingia juu, utaingia wapi?

"Ungeweka hata koma," nikamwambia. "Koma zinauzwa?"

"Nafuta saa hii. Lakini watu wameshapiga picha ya skrini, naiona kwa grupu ya watu wa nyumbani."

Grupu ya watu wa nyumbani. Hapo ndipo damu iliniisha. Mama yangu yuko kijijini, ana presha, na hatumii simu ya picha. Lakini kwetu mama haambiwi kifo cha mtoto kwa simu. Wamama wa kanisa wanaenda kwake, wanaketi, wanaomba maji ya kunywa, hawasemi kitu. Yeye mwenyewe akiona hayo maji yanazunguka bila mtu kuwa na kiu, anajua.

Nikapiga. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mke wangu akatoka nyuma ya duka na nguo mbichi mkononi, akaniuliza kwa nini nimekuwa rangi ya turubai. Nilikuwa naona ule ua wa mama, viti vimetolewa nje, na ile bilauri ya maji inatoka mkono huu kwenda ule.

Nikapiga mara ya tatu, ikashikwa. Nyuma nasikia wamama wanapumua.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mtoto wako."

"Wangu wanasema ameenda." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Wewe usinichezee. Kama ni yeye, nidanganye kidogo nisikie."

Mimi, mtu ambaye nimewahi kuapa kwamba hema langu moja lilipeperushwa na upepo hadi Muthurwa likatua na wageni wameketi ndani, sikupata uongo hata mmoja. Nikasema ukweli tu.

"Mama, nimekufa kwa websaiti. Kulikuwa na mbili, nikaingia ya juu, kumbe juu ilikuwa kwa sababu."

Nikasikia amewageukia wamama.

"Ni yeye. Hakuna mwingine anaweza kutunga kitu kama hicho. Rudisheni hayo maji."

Nikaketi kwa kiti changu cha kukodisha nikalia mbele ya wateja.

Siku hizi binti ameipaka ile ya majaribio manjano ya kuumiza macho, na meseji zake zote anaandika "kwa sababu", neno refu kama treni. Mama alipoa, presha ikashuka. Lakini bado kuna asubuhi ananipigia kabla sijafungua duka, hasalimii. "Sema kitu," ananiambia. Namwambia jana niliuza sufuria kwa mtu, ameigeuza nyumba ya vyumba vitatu, ananitafutia mpangaji. Anasema "haya," anakata simu.