Madumu Chini ya Sakafu

Nikiwa mtoto, niliamini kwamba mama angevuka mto Kilombero juu ya pumzi yangu. Juzi nilimwona fundi akibandua sakafu ya boti ya alumini, na harufu ya mbao zilizooza ikanirudisha mchana ule.

Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, mama alikuwa karibu kujifungua, na hospitali ilikuwa ng'ambo, Ifakara. Boti ya baba ilikuwa nzito mno. Alipong'oa sakafu alikuta lile povu gumu la kuisaidia kuelea limelowa chepechepe, linanuka kambale. Nililitandaza juani kwenye turubai, nikaligeuza kwa miguu kama tunavyogeuza mpunga.

"Hilo halikauki, mwanangu," baba alicheka. "Lete madumu."

Kila dumu tupu la mafuta nililipuliza kwanza, ndipo yeye akaliziba na kulipanga chini ya mbao mpya. Sikujua kwamba hewa ilikuwamo tayari.

"Puliza vizuri," mama aliniambia kutoka mkekani. "Usije ukanizamisha."

Jioni waliondoka, boti ikielea nyepesi. Mdogo wangu alizaliwa humo humo, mtoni. Mama anasema walikuwa wameshaingia upande wa Ifakara. Baba anashikilia kwamba bado ilikuwa Ulanga, upande wetu.