Unga Juu ya Jani la Mkorosho

Nilirudi Songea na diploma ya kompyuta niliyoisomea Dar es Salaam, kwa ada niliyoipata mwenyewe kwa kushusha mizigo sokoni. Hakuna aliyenishika mkono. Nilifungua duka la kuchapa pale Majengo, nikanunua printa ya leza, na nasema bila kuona haya kwamba mtaa mzima haukuwa na barua nyeusi kama zangu. Siku ya kwanza tu niliingia kwenye mipangilio nikaukoleza wino hadi mwisho, maana nilitaka kazi yangu isomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Na ilisomeka.

Asubuhi moja aliingia mzee mwenye kofia ya kufuma, mkulima wa korosho kutoka Namasakata, kule Tunduru. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaweka simu yake mezani. Ilikuwa na picha aliyoipiga mwenyewe: majani mawili machanga ya mkorosho, moja zima, jingine lina ubwiriunga, ugonjwa unaotanda juu ya jani kana kwamba mtu amelinyunyizia unga.

"Nataka karatasi arobaini," alisema. "Kila mwenzangu kwenye kikundi apate yake. Msimu uliopita tulichelewa kupuliza dawa, kwa sababu wengi hawautambui ugonjwa ukiwa bado mdogo. Maua yakaungua. Yakiungua tena, wapo watakaokata mikorosho wachome mkaa."

"Umefika, mzee wangu. Hapa uko kwa mtaalamu."

Nikachapa moja. Akaichukua, akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Lenye ugonjwa ni lipi?"

Sikuweza kumwonyesha. Majani yote mawili yalikuwa meusi tii, kama nyayo za viatu.

"Itakuwa simu yako, mzee. Mimi mambo haya nina diploma nayo."

"Simu inauonyesha ugonjwa, mwanangu. Karatasi yako ndiyo inauficha. Labda diploma hiyo ni ya mahindi. Ninyi watu wa Songea kila kitu mahindi."

Nilicheka, lakini jasho lilinitoka. Nikafungua ukurasa wa mipangilio ya picha, ambao sikuwa nimeugusa tangu siku ile ya kwanza. Printa ilikuwa imewekwa kwa kazi za maandishi. Nikaihamishia kwenye picha. Nikapandisha idadi ya nukta za wino zinazounda picha hadi kiwango cha juu kabisa, nikachapa. Sasa kingo za majani zilionekana, na mishipa yake, ila unga haukuwepo. Mzee akatikisa kichwa. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, nacho ni ule wino niliojivunia. Niliupunguza shingo upande, hatua moja, ya pili, ya tatu.

Karatasi ilitoka ikiwa na joto. Niliisogeza karibu na macho. Jani lile lilikuwa nukta tupu, ndogo kuliko chembe za vumbi, mahali pengine zimesongamana, pengine zimeachana, na pale zilipoachana ndipo unga ulipokuwa. Unga wenyewe haukuchapwa. Ulikuwa weupe wa karatasi, ulioachwa peke yake. Miezi yote ile nilikuwa naufukia weupe huo kwa wino nikidhani huo ndio ubora. Nilisimama pale, mtu mzima, diploma imetundikwa ukutani nyuma yangu, nimeduwaa mbele ya jani moja la mkorosho.

Nikampa mzee. Aliitazama kwa muda, kisha akaweka kidole gumba juu ya jani lenye ugonjwa, akalisugua taratibu, kama wakulima wa korosho wanavyolipima jani shambani. Halafu akakigeuza kidole aone kama kimeshika unga.

Kilikuwa safi. Akanitazama, akacheka hadi kofia ikamkaa upande.

"Chapa arobaini," akasema. "Na usiguse kitu kingine tena."