Siku Niliyowaning'iniza Akina Mama wa Kibirizi kwenye Mizani ya Dagaa

Mimi dagaa wa Kigoma nawapenda, tena nawapenda kuliko nyama, lakini kwenda mwenyewe Kibirizi kuwanunua siwezi, natuma mtu, na wenzangu wa ofisini wanadhani ni maringo. Si maringo jamani, ni aibu. Aibu niliyoipata pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, mbele ya wavuvi, wachukuzi, madalali na wanawake wanaoanika dagaa, sijaimaliza mpaka leo, na kwa kuwa mmenichokoza wenyewe nitaisimulia, ila mkicheka mcheke mpaka katikati tu, kuanzia hapo mtaniacha.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, Warundi wanavuka kwa makundi, kambi zimejaa huko Kasulu na Kibondo, na mjini kila mtu ana habari ya aliyevuka jana. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, binti wa Kinyaturu wa watu, nimetoka Singida kwetu nikapangiwa shule moja ya Kigoma mjini, na kwa sababu chuoni nilicheza netiboli (niliwekwa benchi sana, lakini hilo sikumwambia mtu), akina mama wa mwalo wa Kibirizi wakanifuata niwafundishe timu yao. Kila mwaka walikuwa wanacheza na wenzao wa mwalo wa Katonga, na hiyo mechi msiichukulie kijuujuu, kufungwa na Katonga ni kuzomewa mwaka mzima kila mtumbwi unapofika na samaki.

Kapteni alikuwa Mama Rukia, mwanamke wa Ujiji, mtaa wa Kasingirima hasa, mwenye mwili na sauti, tajiri wa dagaa, ana vichanja vyake vya kuanikia, vibarua wake, na mizani yake. Na mfungaji wetu alikuwa Goreti, mrefu, mwembamba, kibarua wa huyo huyo Mama Rukia, mchana anaanika dagaa, jioni anacheza. Goreti alisema yeye ni mtu wa Manyovu, Muha wa upande huu wa mpaka, na mimi nitajuaje, Kiha chenyewe nilijua salamu tu. Hakuwa mwongeaji, ila mpira ukimfikia mkononi anatulia, anautazama ule mduara kana kwamba wanajuana tangu utotoni, halafu anautumbukiza. Timu nzima ilikuwa inacheza kumtafuta Goreti.

Basi nikapelekwa Tabora kwenye semina ya walimu wa michezo. Tulifundishwa mambo makubwa, kwamba uwezo wa mchezaji haushuki bure, kuna sababu, na mwalimu mzuri anazichambua: maji mwilini, chakula, usingizi, halafu mada ya mwisho ikawa hali ya moyo wa mchezaji, ambayo kwa bahati mbaya ilifundishwa baada ya chakula cha mchana, na mchana ule tulikula wali na mbuzi, kwa hiyo mada yote niliisikia kwa mbali, kichwa kiko kifuani. Mimi nilichokishika ni kile cha maji. Unampima mchezaji uzito kabla ya mazoezi, unampima baada ya mazoezi, alichopungua ndicho alichotoka jasho, na aliyepungua kupita kiasi unampumzisha. Nilirudi Kigoma nimevimba kichwa, nasema "uchambuzi wa viwango" hata nikiagiza chai.

Tatizo likawa mizani. Nikaenda zahanati, muuguzi akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mwalimu, hii ni ya wagonjwa, si ya watu wanaokimbiakimbia." Hapo mtu mwenye akili zake angesubiri, angeandika barua, angeomba kwa utaratibu, mambo yangeisha. Mimi nikasema, ah, mizani si ipo mwaloni?

Mnaijua ile mizani ya kupimia magunia, inaning'inia kwenye boriti, ina uso wa mviringo kama saa ya ukutani na chini ina ndoano. Tukakata gunia, tukalifunga kamba, likawa kama bembea. Mama Rukia alisita. "Mwalimu, hapa hadharani?" Nikamjibu kwa sauti, wachukuzi wasikie, kwamba elimu haifichwi. Na ili niwaondoe hofu nikajitolea nipimwe wa kwanza, mimi mwenyewe, na suti yangu mpya ya michezo niliyoinunua Tabora.

Nilipoinuliwa miguu ikaachia ardhi, nikazunguka polepole, uso kwa watu, mgongo kwa watu, na dalali mmoja (Mungu anamwona) akaanza kuninadi kama samaki. "Haya, haya, mgebuka huyo, nani anaongeza?" Mwingine akajibu kutoka kwenye mtumbwi, "Mgebuka gani wa hivyo, huyo sangala! Mkate vipande viwili!" Mwalo wote ukaja. Nikawa napunga mkono kama mgeni rasmi, najifanya ndivyo nilivyopanga, mara fundo likateleza, gunia likafunguka, nikashuka kwa makalio juu ya beseni la dagaa wabichi. Nilipoinuka suti ilikuwa inang'aa magamba, na Mama Rukia, kwa heshima zote, akaniambia, "Shoga, hao uliowakalia umeshawanunua."

Mngekuwa nyie mngekwenda nyumbani kuoga. Mimi nikang'ang'ania, nikafunga gunia upya, nikawapima wote mmoja mmoja, wanacheka, wanajifunika nyuso kwa kanga, dalali ananadi, na Goreti akapimwa akiwa amefumba macho. Hilo niliona. Nikadhani anaogopa kuanguka kama mimi. Kisha nikasimama mbele yao, magamba yananikauka nyuma, nikatoa tamko: "Tunakwenda mazoezini. Tukirudi tunapima tena. Atakayepungua sana namtoa, na Katonga hachezi."

Sikueleza kwamba ni kumpumzisha. Sikueleza habari ya jasho wala maji ya kunywa, niliona wataelewa tu, au tuseme ukweli, niliona ile amri tupu inanipendeza mdomoni.

Tukapanda uwanjani, tukafanya mazoezi mpaka jua likalegea, Goreti akafunga mabao kama kawaida yake, tukateremka. Sikumwona alipotutangulia pale vichanjani.

Upimaji wa pili watu walikuwa wengi zaidi, maana habari za mgebuka kutoka Singida zilishafika mpaka kwenye maduka ya juu. Hata mgambo mmoja wa kata alikuja, amesimama nyuma na fimbo yake kwapani, anacheka na wenzake. Mama Rukia akapanda, kapungua kidogo. Nikatangaza. Akapanda mwingine, kapungua. Nikatangaza, nikaongeza na maneno ya semina. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwamba kumbe mwalimu anajua, na mimi nikaanza kupona aibu ya beseni, mnajua ile raha ya mtu aliyeanguka hadharani halafu anaona watu wanasahau. Ndipo akapanda Goreti. Mshale ukapita pale alipokuwa mwanzo, ukaenda mbele.

Ameongezeka!

"Mwalimu," dalali akasema, "huyu jasho linaingia au linatoka?" Mwalo ukaangua kicheko. Nikapima tena, mshale ule ule. Wakaanza, mwalimu wa uongo, mwalimu kilo, na mimi mwili mzima ukapata moto, natafuta la kusema, lolote, niokoe elimu yangu. Nikamtazama Goreti pale kwenye gunia nikaona kiunoni, chini ya kanga, pametuna. Nikacheka, nikasema kwa utani, wallahi kwa utani, ila kwa sauti ya mwalimu aliyezoea kuita watoto uwanja mzima: "Aaa, kumbe! Uzito si wake, ana dagaa wa Mama Rukia kiunoni!"

Jamani, kuna mahali pa kutania na mahali si pa kutania. Kibarua wa mwaloni ukimwita mwizi wa dagaa umemaliza riziki yake, hakuna tajiri atakayempa kichanja tena, na wengine hawaondoki pale bila kipigo. Kicheko kilikatika. Mtu akasema, "Mwizi?" Mwingine akarudia si kwa kuuliza. Mgambo akaacha kucheka, akaanza kupenya watu.

"Nimetania," nikasema. Hakuna aliyenisikia. Ile sauti yangu kubwa sikujua imekwenda wapi.

Goreti alishuka kwenye gunia mwenyewe. Alimtazama Mama Rukia, si mimi, akafungua kanga ya juu, akafungua fundo la kitambaa kiunoni, na vilivyomo vikaanguka chini. Mawe. Yale mawe ya mviringo ya ufukweni, yale yale tunayokandamizia vyandarua juu ya vichanja upepo usipeperushe dagaa.

Mama Rukia akainama, akaokota moja. "Goreti, mwanangu. Mawe ya nini?"

"Mwalimu kasema anayepungua anatolewa."

"Sasa ndiyo ujifunge mawe?"

"Mimi mizani naijua, Mama." Alikuwa anaongea taratibu, Kiswahili chake kimeanza kuchanganyika. "Kule kambini abana, watoto, wanawaning'iniza hivi hivi, kwenye kamba. Mtoto akipungua wanamgombeza mama yake mbele ya foleni, eti umeuza chakula cha mtoto. Oya, hapana, mimi sikuuza. Wa kwangu akapungua, akapungua tena, mpaka ikafika siku hawakumpima tena. Nikatoka kule, nikasema mizani haitanitoa mahali mara ya pili. Lakini dagaa sijaiba, Mama. Dagaa sijaiba."

Nilitaka ardhi inimeze. Na bado nilikuwa sijaelewa, nilidhani aibu ndiyo hiyo, ya kumsingizia mtu, nikasogea nimshike mkono nimwombe radhi. Mgambo akanitangulia.

"Kambi gani hiyo, mama?"

Ndipo nikawaona wale wanawake wote wametazama chini. Mama Rukia akasimama katikati, na mwili wake wote ule, akasema huyu ni mtu wake, mtu wa Manyovu, amwache. Mgambo akasema, "Kasema mwenyewe, mbele ya watu." Akamuuliza Goreti, "Kibali cha kutoka kambini unacho?"

"Oya," Goreti akajibu.

Angeweza kunyamaza kuhusu kambi, akabaki na jina la mwizi, akafukuzwa pale na kwenda kutafuta kazi Katonga au kwingine. Alichagua lile la ukweli. Nilimfuata mgambo mpaka barabarani, nasema ni utani wangu, nimekosea mimi, mimi ni mwalimu wa serikali, na yeye wala hakunitukana, akaniambia, "Utani ni wako, Mwalimu. Amri ya wakimbizi wasitoke kambini si yangu." Goreti alikuwa anatembea mbele, anajifunga kanga yake vizuri.

Niliporudi mwaloni watu walishatawanyika. Mama Rukia alikuwa anaikusanya ile bembea ya gunia. "Sisi wote tulikuwa tunajua," akaniambia bila kunitazama. "Madalali walijua, wachukuzi walijua. Ulikuwa hujui wewe tu, na hukuuliza." Kesho yake wakampandisha lori la kurudi kambini.

Na Katonga tulicheza. Nilidhani watakataa kuja, wakaja, wamelala, wamekula, maji wamekunywa, kila nilichofundishwa Tabora wamekitimiza. Wakawa wanapeleka mpira pale anaposimama Goreti. Mfungaji mpya yuko kushoto, wao wanatupa kulia, mpira unadunda peke yake unatoka nje, wanatazamana, na baada ya kitambo wanatupa pale pale. Tulifungwa vibaya, na cha ajabu Katonga hawakutuzomea, habari ilishawafikia. Nilisimama pembeni nikaikumbuka ile mada niliyoilalia.

Nilikwenda kumwona. Iliniuma mpaka nikapata padri wa kunisaidia ruhusa, nikaingia kambini na kanga mbili na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Goreti alinipokea kwa heshima, akanipa kigoda, akanipa maharage, akanionyesha mti waliopigilia mduara wa waya, anawafundisha wasichana kufunga. Maneno yangu yaliisha upesi. Akaniuliza, "Mwalimu, siku ile, bila mawe. Ningekuwa nimepungua?"

Timu nzima niliijua uzito wake kabla na baada, kasoro yeye. "Sijui, Goreti," nikasema.

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao. "Nami nilitaka kujua." Akainuka, akawarudia wasichana wake.

Mwaloni mpaka leo nikionekana wananiita Mwalimu Kilo, na naitika, ni haki yao. Michezo bado nafundisha, na mchezaji akishuka kiwango namwita pembeni, mbali na watu, namuuliza amekula nini, amelala wapi, nyumbani kukoje, na asipotaka kusema namwacha, nampa maji, namwambia akae. Mizani nimeapa sishiki tena, wala sitamtania mtu mbele ya watu nisiojua watamfanya nini. Hata dagaa wangu wa nyumbani, yule ninayemtuma namwambia anunue kwa kopo. Najua kwa kopo wananipunja. Acha wanipunje.