Kilo za Abiria

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mdomo wangu ni mkali kwa anayeacha kitu nje ya hesabu. Kilichokuwemo kiandikwe, ndivyo ninavyowaambia. Haya sasa.

Wiki iliyopita msichana wa kidato cha tatu alinifuata ofisini. "Shikamoo mwalimu." Nikaitika. Baba yake, dereva wa bodaboda, amegonga mkokoteni wa nazi uliokwama katikati ya barabara pale Mabawa. Tajiri mwenye pikipiki amemnyang'anya funguo, anadai alizidisha mwendo wa hamsini kwa saa. Mtoto alikwenda mwenyewe kupima alama za mburuzo, akapata mita sita. Alitaka tukokotoe kasi ya baba yake.

Abiria wa siku ile nilikuwa mimi. Nilivaa kofia ngumu, baba wa watu hanijui hata kwa sura. Nilimgonga bega: "Kaza mwendo, nachelewa." Akageuza shingo kunijibu kwamba hamsini ndiyo mwisho wake, na hapo hapo tukaingia kwenye mkokoteni. Watu walipoanza kujaa nikapangusa suruali, nikaondoka. Naona aibu mpaka kula kunanishinda.

Nikachukua karatasi kama mtu mwema. Kwa mita za mburuzo tukapata kasi ya pikipiki na mkokoteni vilipoburuzana pamoja. Kisha momenta: tungamo, yaani zile kilo, mara kasi, jumla ya kabla ya kugongana ni sawa na ya baada. Pikipiki na dereva, kilo mia na themanini. Mkokoteni na nazi, mia tatu na ishirini. Abiria sikumwandika. Jibu likaja kilomita sitini kwa saa.

Mtoto akainama. Nami, Mungu anisamehe, nikashusha pumzi.

Njia ya mwongo fupi. "Mwalimu," akasema, "baba anasema alipakia abiria. Tajiri haamini, maana huyo abiria hajaonekana. Tukimweka, kasi inapungua. Nimwandikie kilo ngapi?"

"Sabini na nane," nikasema. Sikusema "tuseme" wala "labda".

Akakokotoa, ikaja arobaini na nane. Hakufurahi. Alikuwa anautazama mkwaruzo kwenye kiwiko changu.

"Ulikuwa unawahi wapi, mwalimu?"

"Kipindi chenu."

Akakunja karatasi yake taratibu. "Basi twende kwa tajiri. Ukamwambie mwenyewe."