Mmoja kati ya wanne

Admin, nifichie jina, maana mume wangu na ndugu zake wote wanasoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na tisa. Nimezaliwa Walikale, nimeolewa huku Masisi, kwenye vilima vya upande wa Karuba.

Mtoto wetu wa kwanza, mvulana, alianza kuvimba mikono na miguu kabla hajajua kutembea. Macho yalikuwa ya njano, na maumivu ya mifupa yakimshika alilia mpaka sauti ikakauka. Daktari mmoja wa Goma alitupima wote watatu, akasema mtoto ana SS, ule ugonjwa ambao wengine wanauita selimundu. Mimi na mume wangu ni AS. Sisi ni wazima, alisema, lakini kila mmoja wetu amebeba mbegu moja nzima na moja mbovu. Mtoto akirithi mbovu ya baba pamoja na mbovu ya mama, anaugua. Akasema hatari ni mtoto mmoja kati ya wanne.

Hilo la mwisho ndilo mume wangu alilorudi nalo nyumbani. Mtoto alikufa wakati barabara imefungwa kwa vita na damu ya kumwongezea haipatikani. Tulipomaliza kuzika, mama mkwe akanishika mkono: "Mama, jikaze. Mugonjwa njo huyu alishaenda. Batatu benye kubakia bote batakuwa bazima."

Yaani mgonjwa alikuwa huyo aliyekwenda, na watatu watakaofuata wote watazaliwa wazima. Niliamini. Nani asingeamini? Mimba ya pili niliibeba nikiimba. Binti yangu sasa ana miaka sita, na yeye pia ni SS.

Nilirudi kwa daktari nimejaa hasira. "Mama," akaniambia, "tumbo haikumbuke mimba ya mbele, ile yenye ilishapita. Kila mimba inaanza upya na hatari ile ile." Nilitoka nje nikakaa kwenye majani, nikalia.

Nimemweleza mume wangu hadi nimechoka. Anajibu: "Basi wawili walishapita. Sasa kunabakia wazima tupu." Amesema maharage yakivunwa sijashika mimba, ataleta mwanamke mwingine. Nikamwambia na huyo apimwe kwanza, kwa sababu nusu ya ugonjwa inatoka kwake yeye mume wangu. Akacheka. "Mimi? Uliniona siku gani naugua?" Nampenda huyu mwanaume, ndiyo balaa yenyewe.

Juzi alirudia maneno hayo, kwamba mtoto atakayekuja atakuwa mzima, na binti yetu amelala pale pale kwenye mkeka, miguu nimemfunga vitambaa vya moto. Baba yake alipotoka, mtoto akaniuliza: "Mama, ule mutoto muzima mwenye munatafuta, njo atabakia pa nafasi yangu?"

Nilivichovya upya vitambaa kwenye maji ya moto, nikamfunga tena. Ninyi mnaosoma, nishaurini: nizae tena, au niiache ndoa? Na huyu mtoto nimwambie nini?